Dinon alisema, lakini kitabu chake ki wapi?

Msomaji mmoja ameandika hivi: “Ninapenda kusoma habari za wafalme wa Uajemi wa kale, na mara kwa mara nakutana na maneno ‘kama asemavyo Dinon’. Nimekitafuta kitabu cha huyu Dinon bila mafanikio. Alikuwa nani, kitabu chake kilipotelea wapi, na inakuwaje watu wamnukuu mtu ambaye hawajamsoma? Na je, ni wa kuaminiwa?”

Ndugu msomaji, hukukipata kwa sababu hakipo. Hakuna maktaba yenye nakala yake, na kila anayeandika leo kwamba Dinon alisema hivi au vile anategemea waandishi wengine wa kale waliokuwa na kitabu hicho mkononi, wakachomoa humo sentensi moja hapa na kisa kimoja pale kwa shughuli zao wenyewe. Jambo hilo la mwisho, yaani shughuli zao wenyewe, ndilo nitakalolikazia katika jibu hili, kwa kuwa asiyeliangalia atadhani anamsoma Dinon kumbe anasoma hamu za watu waliomkatakata.

Nianze na mtu mwenyewe. Dinon, ambaye jina lake huandikwa pia Deinon, alikuwa Mgiriki wa karne ya 4 KK, na kwa desturi hutajwa kuwa mwenyeji wa Colophon, mji wa Ionia katika pwani ambayo leo ni ya magharibi ya Uturuki. Ikiwa ndivyo, basi hakuwa mtu wa mbali aliyetazama dola ya Waajemi kutoka ng’ambo ya bahari, maana kwa mapatano yanayoitwa Amani ya Mfalme, ya mwaka 387 au 386 KK, miji yote ya Wagiriki katika Asia ilikabidhiwa kwa Artaxerxes wa Pili, na mtu wa Colophon akawa chini ya mfalme yule yule aliyemwandika. Kitabu chake kiliitwa Persika, maana yake Mambo ya Uajemi, na kilikuwa kirefu: mwandishi mmoja anakitaja “kitabu cha tano cha sehemu ya kwanza” na mwingine “kitabu cha kwanza cha sehemu ya tatu”, kwa hiyo kilikuwa na sehemu zisizopungua tatu, na kila sehemu ilikuwa na vitabu vyake ndani. Kuhusu wakati wake tunasaidiwa na kisa alichokihifadhi Plutarch, mwandishi Mgiriki wa enzi za Warumi. Wamisri walimchukia Artaxerxes wa Tatu, aliyeitwa Ochus, wakampachika jina la Punda. Naye akasema kwamba punda huyo atamla ng’ombe wao karamuni, kisha akamchinja Apis, fahali mtakatifu wa Misri. Ochus aliiteka Misri mwaka 343 au 342 KK, kwa hiyo Dinon alikuwa bado anaandika baada ya hapo, miaka michache tu kabla Alexander Mkuu hajavuka kuingia Asia mwaka 334 KK.

Mwanawe, Cleitarchus, aliandika historia ya Alexander iliyosomwa sana enzi za Warumi. Pliny, mwandishi Mrumi wa karne ya kwanza BK, anapomtaja Dinon anaona ni lazima aeleze kwamba huyo ni baba yake Cleitarchus, mwandishi mashuhuri. Sisi tungesema Baba Cleitarchus. Katika maneno hayo machache utaona kwamba hata wakati kitabu cha baba kilipokuwa bado kinapatikana, jina lake lilikuwa limeanza kuhitaji la mwanawe. Kichekesho cha historia ni kwamba kitabu cha mwana nacho kimepotea.

Sasa tuje kwenye nukuu zenyewe. Felix Jacoby, Mjerumani aliyetumia maisha yake kukusanya mabaki ya wanahistoria wa Kigiriki waliopotea, alimpa Dinon namba 690 katika mkusanyo wake, na mwaka 2009 mtaalamu wa Ufaransa, Dominique Lenfant, alitoa toleo jipya lenye mabaki hayo pamoja na ya Heracleides wa Cumae, mwandishi mwingine wa mambo ya Uajemi wa karne hiyo hiyo. Kila nukuu huitwa kipande, na vipande vya Dinon ni kama thelathini, vingine vikiwa na mstari mmoja tu. Neno “kipande” linaweza kukudanganya, ukadhani ni kama kigae cha chungu kilichovunjika, ambacho ingawa ni kidogo bado ni chungu kile kile. Sivyo. Waandishi wa kale hawakutumia alama za kunukuu. Mara nyingi walisimulia kwa maneno yao na kwa kumbukumbu, na wakati mwingine walitaja majina mawili kwa pamoja, “Ctesias na Dinon wasema” (Ctesias ni Mgiriki mwingine aliyeandika mambo ya Uajemi), bila kueleza nani alisema lipi.

Anayemnukuu kuliko wengine karibu wote ni Athenaeus wa Naucratis, aliyeandika mnamo mwaka 200 BK kitabu kikubwa cha mazungumzo ya wasomi walioketi kwenye chakula. Kitabu cha mezani kinataka habari za mezani, na kwa hiyo Dinon tuliye naye ni Dinon wa karamu, manukato na vyombo. Kwake yeye na Ctesias, asema Athenaeus, tunasoma kwamba Mfalme Mkuu alikula pamoja na watu 15,000 na kwamba chakula hicho kiligharimu talanta 400. Talanta moja ni drakma 6,000, kwa hiyo jumla ni drakma 2,400,000, na kila mlaji anaangukiwa na drakma 160, wakati fundi wa Athens katika mwisho wa karne ya 5 KK alilipwa takribani drakma moja kwa siku. Mgiriki aliyesoma hesabu hiyo alitikisa kichwa kwa anasa ya Waajemi, na bila shaka Athenaeus alitaka hivyo. Lakini Heracleides, naye katika kurasa hizo hizo za Athenaeus, anaeleza kwamba karamu ya mfalme ilionekana ya kifahari kwa anayeisikia tu, bali kwa anayeichunguza ilikuwa imepangwa kwa ubanifu. Wanyama 1,000 walichinjwa kila siku, lakini sehemu kubwa ya nyama na mikate ilitolewa uani kwa askari na walinzi, ikagawanywa kama ujira, kwa kuwa askari wa mfalme walilipwa chakula kama vile askari wa Ugiriki walivyolipwa fedha. Mabamba ya udongo yaliyofukuliwa Persepolis, mji wa kifalme wa Waajemi, katika miaka ya 1930, ambayo ni kumbukumbu za posho kati ya mwaka 509 na 493 KK, yanaonyesha utaratibu wa namna hiyo hiyo: nafaka, mvinyo na mifugo ikitolewa kwa vipimo kwa wafanyakazi, wasafiri na wakubwa wa dola. Sisemi kwamba tarakimu ya 15,000 ni sahihi. Nasema kwamba haikuwa mezani pa ulafi kama ilivyosomwa, na kwamba lawama ya kuiweka huko huenda ni ya mnukuzi kuliko ya Dinon.

Katika Athenaeus ndimo pia tunamopata mambo madogo ambayo mimi nayaona kuwa hazina hasa ya Dinon. Asema kwamba mfalme alikunywa mvinyo katika kikombe cha dhahabu chenye umbo la yai. Asema kwamba mfalme alipoteremka garini hakuruka, ingawa kimo hakikuwa kikubwa, wala hakuegemea mikono ya watu, bali aliwekewa kigoda cha dhahabu akakanyaga hapo, na kwa sababu hiyo mbeba kigoda alimfuata popote. Mtu anaweza kucheka kwamba mwanahistoria mzima anaandika habari za kigoda. Hata hivyo, nenda ukatazame picha za kuchongwa kwenye ngazi za ukumbi wa Apadana kule Persepolis: katika msafara wa watumishi wa mfalme, pamoja na farasi na magari yake, yumo mtu aliyebeba kigoda. Wachongaji walifanya kazi hiyo zaidi ya karne moja kabla ya Dinon, na hawakumjua.

Kuna na wimbo. Astyages, mfalme wa Wamedi, alikuwa anakula na rafiki zake, akaitwa malenga maarufu kuliko wote, jina lake Angares. Akaimba nyimbo zilizozoeleka, na mwishoni akatia fumbo: mnyama mkubwa, jasiri kuliko nguruwe mwitu, ameachiwa aingie kinamasini, naye akishaitawala nchi inayomzunguka atapigana na wengi bila taabu. Astyages akauliza, mnyama gani? Malenga akajibu, Cyrus Mwajemi. Mfalme akatuma watu wamrudishe Cyrus, ambaye wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanamjua kwa jina la Koreshi, lakini haikufaa kitu, na mnamo mwaka 550 KK Cyrus akamng’oa. Kwa watu waliolelewa na mashairi ya mafumbo hakuna haja ya kueleza kwa nini malenga hakusema waziwazi tangu mwanzo. Kipande hiki kinanishawishi kwamba Dinon, kwa njia yoyote ile, alifikiwa na masimulizi ya Waajemi na Wamedi wenyewe, kwa sababu muundo wake ni wa hadithi ya ukoo unaosimulia jinsi mwasisi wake alivyotabiriwa. Ndoto aliyoinakili Cicero, mwandishi Mrumi, ni ya jamii hiyo hiyo. Cyrus aliliona jua miguuni pake, akajaribu mara tatu kulishika kwa mikono, nalo likabiringika na kumponyoka mara zote tatu, na mamajusi wakamfasiria kwamba kushika mara tatu ni miaka thelathini ya kutawala. Kutoka 559 hadi 530 KK, ambayo ndiyo miaka ya Cyrus, hesabu inakaribia sana, na inakaribia kwa kuwa fasiri hiyo ilitungwa na watu waliokwisha kuijua.

Plutarch alikuwa na haja nyingine. Alipoandika maisha ya Artaxerxes wa Pili alihitaji visa vya jumba la mfalme: ndugu kuuana, mama mkwe kumwekea sumu mke wa mwanawe. Mbele yake alikuwa na Ctesias, tabibu Mgiriki aliyeishi katika jumba hilo, na Dinon, na kila walipotofautiana aliwagonganisha. Katika vita vya Cunaxa, mwaka 401 KK, Cyrus Mdogo (si yule wa Angares) alimshambulia nduguye mfalme. Kwa Dinon, asema Plutarch, Cyrus alimjeruhi farasi wa mfalme, mfalme akaanguka, mkubwa mmoja wa Kiajemi aitwaye Tiribazus akampandisha farasi mwingine akimwambia aikumbuke siku hiyo kwa kuwa haistahili kusahauliwa. Cyrus akamwangusha tena, na katika shambulio la tatu mfalme akakasirika, akasema kufa ni afadhali, akatoka kumkabili. Kuhusu kifo cha malkia Stateira wote wawili wanakubali kwamba alilishwa nyama ya ndege iliyokatwa kwa kisu kilichopakwa sumu upande mmoja tu. Hawakubaliani ni nani aliyekishika kisu, Parysatis, mama yake mfalme, mwenyewe au mtu aitwaye Melantas, wala kama ilikuwa wakati wa vita au baadaye. Plutarch anamfuata Ctesias kuhusu wakati, kwa hoja kwamba mtu aliyekuwapo hangeweza kukosea jambo kama hilo. Kwa mtazamo wangu hoja hiyo ina nusu ya nguvu yake tu, maana Ctesias, kwa ushahidi wa Plutarch huyo huyo, alijaza kitabu chake hadithi zisizoaminika, na aliyekuwapo anaweza pia kuwa na sababu ya kusimulia kwa namna yake.

Jina la mfalme ni mfano mzuri zaidi. Kabla ya kutawazwa, asema Ctesias, Artaxerxes aliitwa Arsicas, na Dinon asema aliitwa Oarses. Plutarch anatoa hukumu dhidi ya Dinon: haiyumkiniki kwamba tabibu asijue jina la mfalme aliyekuwa akimtibu. Kesi ilifungwa kwa zaidi ya miaka 1,700, mpaka wasomi walipojifunza kusoma mabamba ya Babeli yenye kumbukumbu za nyota na anga, ambayo yanamtaja mfalme huyo kama Arshu anayeitwa Artaxerxes. Arsicas na Oarses yote mawili yanasikika ndani ya Arshu. Hao wawili hawakuwa na majina mawili, bali jina moja lililosikika katika masikio mawili ya Kigiriki, na hakimu aliyewahukumu hakuwa na njia ya kulijua hilo.

Usifikiri, kwa hayo, kwamba namtetea katika yote. Pliny analalamika kwamba Dinon alidai Sireni wapo India, yaani wale viumbe wa hadithi za Kigiriki wanaowalaza watu kwa nyimbo na kuwararua wakishalala, na Aelian, mwandishi wa habari za wanyama, anamtaja kuhusu ndege wenye pembe moja na nguruwe wenye pembe nne huko Ethiopia. Pia alikubali hadithi kwamba Cambyses, mwana wa Cyrus aliyeiteka Misri, alikuwa mtoto wa Nitetis, binti aliyetolewa Misri, na kwamba aliivamia Misri ili kumlipizia mama yake kisasi, wakati mwanahistoria Herodotus, zaidi ya nusu karne kabla yake, alikwisha kueleza kwamba hadithi hiyo ilienezwa na Wamisri kwa sababu ilimfanya mshindi wao kuwa mwana wao.

Lakini weka karibu na hayo neno la Cornelius Nepos, Mrumi wa karne ya kwanza KK. Anasimulia jinsi Conon, jemadari wa Athens, alivyokamatwa na Tiribazus, liwali wa Waajemi, kule Sardis, na kwamba wengine waliandika kwamba alipelekwa kwa mfalme akafia huko. Dinon, “ambaye sisi tunamwamini kuliko wote katika mambo ya Uajemi”, aliandika kwamba Conon alitoroka, ila akatia shaka kama ilikuwa kwa kujua kwake Tiribazus au bila kujua. Mtu anayeandika “sina hakika” juu ya nia ya liwali si mpiga porojo wa kawaida. Tena angalia: mwenye kuandika wanyama wa ajabu alimsoma akitafuta wanyama wa ajabu, na mwenye kuandika maisha ya majemadari alimsoma akitafuta siasa, na kila mmoja alirudi na alichokifuata.

Umeuliza kama ni wa kuaminiwa. Jibu langu ni kwamba katika visa vya chumbani na vya sumu asiaminiwe zaidi ya uvumi wa siku zake, lakini katika adabu na alama za ufalme apewe sikio la makini, kwa kuwa hapo ndipo ushahidi wa nje unapomwunga mkono mara kwa mara. Nimekwisha kutaja kigoda. Kuna pia kauli yake kwamba watabiri wa Wamedi walibashiri kwa vijiti, ambayo tunaisoma leo tukiwa na vibamba vya dhahabu vya hazina ya Oxus katika Makumbusho ya Uingereza, ambako mtu mwenye mavazi ya Kimedi ameshika fungu la vijiti mkononi. Na kuna lile ninalolipenda kuliko yote, ambalo Plutarch analitaja anapoeleza mali aliyoikuta Alexander kule Susa, ndio Shushani wa Kitabu cha Esta: kwamba wafalme wa Uajemi waliletewa maji ya mto Nile na ya mto Danube, wakayaweka pamoja na hazina zao, yawe uthibitisho wa ukubwa wa dola yao. Mtu mvivu angeyasoma hayo kama anasa nyingine. Mwaka 1972 wachimbaji walipata huko huko Susa sanamu ya mfalme Darius iliyochongwa Misri, na juu yake imeandikwa kwamba mfalme aliamuru itengenezwe Misri ili kila atakayeiona ajue kwamba Mwajemi anaimiliki Misri. Andishi jingine la Darius la Susa linahesabu mierezi ya Lebanoni, dhahabu ya Sardis na Bactria, na pembe za ndovu kutoka Kushi na India, zote zikiwa zimeletwa kujenga jumba moja. Maji ndani ya chupa, sanamu ya jiwe na boriti za mierezi ni usemi mmoja, na Dinon aliuelewa.

Kilipotelea wapi? Hapana moto wala mvamizi tunayeweza kumtaja. Vitabu vilikuwa hati-kunjo za mafunjo, na hati-kunjo iliishi muda wote ambao alikuwapo mtu wa kulipia nakala mpya. Herodotus alinakiliwa kwa kuwa shule zilimpenda kwa lugha yake. Ctesias alikuwa na vitabu 23, na bado vilikuwapo Constantinople katika karne ya 9, ambako msomi Photius alivisoma na kuviandikia muhtasari, ndiyo maana tunajua mpangilio wake ingawa naye ametupotea. Dinon hakupata Photius wake. Kazi yake ilikuwa ndefu na ghali kunakili, na baada ya Alexander wasomaji walitaka zaidi habari za mshindi kuliko za wafalme walioshindwa. Plutarch alikwisha kuchukua visa vitamu, na wataalamu wengi wanaona kwamba sura za mwisho za maisha ya Artaxerxes, zinazohusu miaka ambayo Ctesias hakuifikia, zimetoka kwa Dinon bila kumtaja. Ikiwa ndivyo, basi sehemu ndefu kuliko zote ya Dinon inasomwa kila siku chini ya jina la mtu mwingine.

Kama unataka kumsoma, anzia hapo, katika Artaxerxes wa Plutarch, kisha nenda kwa Athenaeus. Na ukiuliza kama kitabu kinaweza kurudi, nitakueleza lililompata Ctesias. Katika majalala ya Oxyrhynchus, Misri, ulipatikana ukurasa mmoja wa mafunjo usio na jina la mwandishi, wenye barua ya mpenzi aliyekata tamaa: “Mimi nilikuokoa, nawe uliokoka kwa ajili yangu, lakini mimi nimepotea kwa ajili yako.” Ulitambuliwa kuwa wa Ctesias kwa sababu mwalimu mmoja wa ufasaha, Demetrius, aliwahi kuinukuu sentensi hiyo. Mafunjo ya Oxyrhynchus ambayo hayajasomwa bado ni mengi mno. Atakayekutana humo na mfalme anayeteremka garini kwa kigoda cha dhahabu, au na malenga anayeimba habari za mnyama aliyeachiwa kinamasini, atajua ameshika nini.